Nyati Weupe wa Gaudensia

Jumatatu hiyo asubuhi Gaudensia alikuwa anachapa kadi za mchango wa harusi, na wino mwekundu ulikuwa umeanza kukwama, pale Wiliam wa mashine ya kukoboa alipoingia stesheneri akiwa na pumba kuanzia nywele hadi viatu. Akasalimia, akaulizia hali ya mama, akajibu kwamba na kwake hawajambo, kisha akasema kuna wageni wamesimama njia panda wanatafuta kwa Vénérande, mama yake Gaudensia.

"Wameuliza?" Gaudensia akasema.

"Kwa mdomo hawajauliza. Wamesimama tu wananitazama, nikaona hawa wamepotea, nikawaonyesha njia. Ni nyati. Watano, weupe kama mchele uliokobolewa mara mbili. Watakuwa wako hao."

Gaudensia alimaliza kadi iliyokuwa kwenye mashine, maana kazi ya watu ni ya watu. Akafuta mikono, akavaa kofia yake pana, akatoka. Nyati walikuwa wameshafika. Walikuwa wamejipanga kwenye kivuli cha bati, kope nyeupe, wanakunja macho kwa sababu ya jua. Aliwafahamu wote. Yule jike wa mbele, mwenye pembe moja iliyoinama kidogo, ndiye aliyemsumbua kuliko wenzake wote kumpata.

"Karibuni," akawaambia. "Poleni na safari."

Watu wa Mpanda kwa kuongeza chumvi hawajambo, na mpaka leo wapo wanaosema wale nyati walishushwa na ndege. Si kweli. Walitoka kwenye kompyuta.

Gaudensia alizaliwa na ualbino. Mama yake, Vénérande, alikulia Mishamo kwa wazazi waliotoka Burundi. Baba yake, marehemu Kassiani, alikuwa Mkonongo wa Kakese. Na wote wawili walikuwa weusi wa kung'aa. Watu walisema sana wakati huo. Kassiani aliwajibu kwa jembe: alilima majaruba yake ya mpunga, akauza, akamsomesha binti. Lakini kumpeleka shambani hakumpeleka. Jua lilikuwa sababu moja. Sababu ya pili ilikuwa watu. Upande huu wa nchi, kila yanapofunguka machimbo mapya ya dhahabu, hutokea mganga wa kumwambia mchimbaji kwamba mkono wa mtu kama Gaudensia utamfungulia mwamba. Mtaani wapo waliomwita dili. Walimwita hivyo huku wanacheka, na yeye akiwa anawasikia.

Basi akakulia ndani, akafanya kazi ya ndani. Alifungua stesheneri kwenye chumba cha mbele cha nyumba, na wateja wakipungua alicheza gemu moja ya kufuga wanyama. Unajenga bustani kwenye kompyuta, unazungushia uzio, unaweka dume na jike, unasubiri. Mara chache sana anazaliwa mweupe, na mweupe akizaliwa wachezaji wa dunia nzima wanamtaka, maana watazamaji hujaa mbele ya uzio wake. Wengi hubahatisha. Gaudensia hakubahatisha. Alijua kwamba mweupe hutoka kwa mama na baba wa kawaida kabisa, ambao wote wawili wameubeba weupe ndani yao bila kujijua. Hilo hakulisoma popote, alikula nalo mezani kila siku.

Nafasi ikijaa, gemu ina kitufe cha kumwachia mnyama porini. Wenzake walikuwa wanabonyeza tu, mnyama anapotea, mchezo unaendelea. Gaudensia alilelewa na Vénérande, na kwa Vénérande mgeni haondoki bila kusindikizwa na kuelekezwa njia. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza alikuwa anawaambia: mkitoka hapo mfuate mto Katuma, mkiukuta mji msiogope, shikeni barabara ya Kakese, mkifika kwenye mashine ya kukoboa ulizeni kwa Vénérande, kila mtu anapajua. Aliwaambia kwa sauti, kwa adabu, mmoja baada ya mwingine. Wa watu wengine walipotelea huko walikopotelea. Wa kwake walifika.

Vénérande alitoka na beseni la pumba, akawatazama, akasema, "Mwana wanje, mwanangu, hawa wataungua masikio." Akarudi ndani kutafuta vitenge vya zamani.

Majirani walilalamika kama majirani wanavyolalamika. Kinyesi barabarani. Mihogo ya mtu ilikanyagwa. Mama mmoja aliuliza kama wanakamuliwa. Siku ya nne likaja gari la kijani la ofisi inayohusika na wanyama, wakashuka maofisa, wakazunguka nyati mara mbili, wakapiga picha. Mkubwa wao akasema nyati mweupe ni tunu ya taifa na hawezi kulala bila ulinzi. Kabla jua halijazama walikuwa wamefika askari wawili, Danford na Innocent, kila mmoja na bunduki yake na kiti chake cha plastiki. Wakaletewa na pipa zima la mafuta ya kukinga jua, kwa ajili ya migongo ya nyati.

Gaudensia alilitazama lile pipa kwa muda mrefu. Mafuta ya aina hiyo alikuwa anayapata hospitali kwa chupa ndogo, na kwa miezi mingi alikuwa ameambiwa hayajaja. Kwenye shingo alikuwa na kidonda kisichofunga. Alisikia hasira inapanda, akaimeza, akamwendea Danford.

"Kaka, naomba na mimi nipake."

Danford alikuwa kijana mstaarabu, Mfipa, mwenye sauti ya chini. "Dada, haya yameandikwa ni ya wanyama. Mimi ningependa. Ila nitaulizwa."

Vénérande alikuwa anasikiliza. Akaingia ndani, akatoka na kikombe kikubwa cha uji, akafunua pipa, akachota huku anamtazama Danford usoni. Danford akatoa simu mfukoni akaanza kuisoma. Tangu siku hiyo Vénérande alichota kila asubuhi, na Danford alisoma simu kila asubuhi, na jambo hilo halikuzungumzwa.

Jambo lililozungumzwa lilikuwa shamba.

Jumapili baada ya misa alikuja Damiano, mdogo wake marehemu Kassiani. Alikaa, akanywa chai, akasifia nyati, kisha akakohoa kile kikohozi cha mtu mwenye neno.

"Mwanangu Gauda. Kamati ya mfereji imekaa. Majaruba ya baba yako huu ni msimu wa pili hayajaingiwa na mwenyewe."

"Niliweka vibarua, baba mdogo."

"Ndilo tatizo. Unajua sheria yetu."

Aliijua. Kakese hapo nyuma watu wa mjini walikuwa wanashika majaruba kwa majina halafu wanakodisha, na wenye kijiji wanabaki kuangalia maji yanapita. Wazee wakaweka sheria: mwenye jaruba apandikize kwa miguu na mikono yake mwenyewe, kamati ikiona. Ukikosa misimu miwili mfululizo, shamba anapewa ndugu wa karibu anayeweza. Ndugu wa karibu alikuwa Damiano.

"Mimi sikutakii mabaya," Damiano akasema, na kwa namna fulani alikuwa anasema kweli. "Wewe hali yako inajulikana. Jua hulimudu, na njia si salama. Shamba halilimwi kwa kompyuta. Niachie mimi, nitakuletea mchele kila mavuno."

"Wa kwangu utaniletea kama msaada?"

"Tusifike huko."

"Tumeshafika, baba mdogo. Nitapandikiza mwenyewe."

Damiano akamtazama Vénérande, kama mtu anayeomba mwenye akili aingilie. Vénérande akamwongezea chai.

Usiseme hakuogopa. Gaudensia aliogopa sana. Alikuwa anamfahamu kwa jina msichana mmoja wa upande wa Mamba aliyetoka kwenda kisimani na hakurudi mzima, na yeye mwenyewe ndiye aliyechapa vipeperushi vya mazishi. Lakini lile shamba lilikuwa kitu pekee ambacho baba yake alikiacha kwa mkono wake, na wazo kwamba atakula mchele wa shamba lake kwa hisani ya mtu lilimchoma kuliko jua. Asubuhi yake alimfuata tena Danford.

"Nataka kwenda Kakese kupandikiza. Mtanisindikiza?"

"Sisi tunalinda nyati."

"Najua. Nauliza, mimi mnaweza kunilinda?"

Danford alifikiri kwa uaminifu. "Dada, wewe si mnyamapori. Ungekuwa mnyamapori ingekuwa rahisi. Kwa binadamu kuna ofisi nyingine."

Alikwenda kwenye hiyo ofisi nyingine. Wakamsikiliza vizuri, wakampa kiti, wakamshauri akae ndani.

"Na nyati wakienda Kakese?" akamuuliza Danford aliporudi.

"Nyati wakienda Kakese, sisi tunaenda Kakese. Hata wakienda Burundi."

Gaudensia akasema sawa. Akaingia ndani akashona mfuko wa kitenge, akaujaza pumba, akaufunga kiunoni.

Kesho yake alitoka mapema, amevaa kofia, miwani, mikono mirefu, na mafuta ya nyati usoni na shingoni. Jike mwenye pembe iliyoinama akanusa mfuko, akamfuata. Wenzake wanne wakamfuata jike. Danford na Innocent wakabeba viti vyao. Wakapita kwenye mashine ya kukoboa, na Wiliam akawapungia mkono. Wakapita shule, wakapita mbao za matangazo ya vikoba na mahubiri, wakaingia barabara ya vumbi ya Kakese. Waendesha bodaboda walipunguza mwendo, wakasalimia, wakaongeza mwendo.

Majaruba ya Kassiani yalikuwa yamejaa maji na magugu. Gaudensia alivua viatu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukanyaga lile tope, na lilikuwa la uvuguvugu, likampanda mpaka ugokoni, na akasikia furaha ambayo hakuitegemea, akasimama palepale mpaka ilipotulia. Nyati nao wakaingia. Watu wa huku huingiza ng'ombe kwenye jaruba ili wavuruge tope kabla ya kupanda, na nyati watano kwa kazi hiyo wanatosha ekari nzima. Innocent akaanza kusema kwamba kanuni zinakataza tunu za taifa kufanyishwa kazi ya kilimo. Danford akamjibu kwamba hawajafungwa jembe, wanatembea tu, na kutembea hakukatazwi. Waliweka viti vyao kwenye tuta la mfereji.

Siku mbili zilikwisha kwa kuvuruga tope na kung'oa magugu. Siku ya tatu mwenyekiti wa kamati ya mfereji, mzee Fabiani, alikuja na wenzake kushuhudia kupandikiza. Damiano alikuwepo, amevaa shati safi, na Vénérande naye alikuwa amesimama kwenye tuta. Gaudensia alichukua fungu la miche kwenye mkono wa kushoto, kama alivyoelekezwa na mama yake, akaanza kuchomeka kwa mkono wa kulia. Alikuwa mzito, mistari yake ilipinda, na wanawake wa jaruba la jirani walimcheka kwa wema.

"Dada, huo mstari unaelekea Sumbawanga," mmoja akasema.

"Utarudi," Gaudensia akajibu.

Ndipo pikipiki ikaja. Haikuwa na namba. Wanaume wawili, wamevaa makoti mazito kwenye joto lile, walisimama upande wa pili wa mfereji, wakazima mashine, wakakaa wanamtazama Gaudensia. Mmoja alikuwa na kiroba kitupu kimekunjwa vizuri chini ya mkono. Kila mtu aliyekuwa pale alielewa. Wanawake wa jirani wakaacha kucheka, wakainamia miche yao.

Danford akainuka na bunduki, akavuka daraja la mti, akawafikia.

"Habari za saa hizi?"

"Nzuri, afande."

"Mmekuja kwa ajili ya nyati?"

"Hapana, afande. Nyati hatuna shida nao."

"Hamna mpango nao wowote?"

"Hata kidogo."

"Haya." Danford akarudi akakaa kwenye kiti chake.

Gaudensia alikuwa amesikia kila neno, maana maji hupeleka sauti. Miguu yake ilitaka kukimbia. Mbele yake kulikuwa na njia ya kurudi mjini, na Damiano tayari alikuwa amenyoosha mkono kumsaidia kupanda tuta. "Twende, mwanangu, inatosha," Damiano akasema, na sauti yake ilikuwa inatetemeka kweli, na macho yake yalikuwa kwenye lile shamba.

Wale wanaume wakavuka daraja. Hawakuwa na haraka. Mzee Fabiani akasema hili jambo si la kamati ya mfereji. Gaudensia aliwaona wanaingia kwenye jaruba lake na viatu vyao, wanakanyaga miche aliyokuwa ametoka kuipanda, na kwa namna fulani ile miche ndiyo iliyomkasirisha. Akapiga hatua nne kwenye tope, akafika kwa jike mwenye pembe iliyoinama, akaweka kiganja mgongoni mwake.

Bunduki mbili zikainuka.

"Simama hapohapo," Danford akasema kwa ile sauti yake ya chini. "Mnamkaribia nyati."

"Afande, tulishakwambia, sisi nyati hatumtaki."

"Amri haiulizi mnamtaka nani. Yeyote atakayesogea karibu na nyati kwa nia mbaya, napiga. Rudini nyuma."

Wakarudi nyuma mpaka ng'ambo ya mfereji, wakakaa kwenye pikipiki yao.

Gaudensia alibaki amemshika nyati. Ngozi ilikuwa ya moto, ina mafuta, na chini yake moyo mkubwa ulikuwa unapiga taratibu bila wasiwasi wowote. Wa kwake ulikuwa unapiga kama mtwangio. Alipopata pumzi akauliza, bila kugeuka.

"Danford. Nikimwachia?"

"Ukimwachia, dada, hapo wewe uko peke yako. Sina maandishi yanayokuhusu."

"Nikiwa nimemshika?"

"Ukiwa umemshika, anayekugusa wewe anaweza kumuumiza nyati. Hiyo ipo kwenye amri."

"Mkono mmoja unatosha?"

Danford alimwangalia Innocent. Innocent, ambaye alikuwa anajua kanuni kuliko yeye, alifikiri kidogo akatikisa kichwa kukubali. "Mkono mmoja unatosha," Danford akasema.

Gaudensia alimwita mama yake, akamwomba amfunge fungu la miche kiunoni, upande wa pili wa mfuko wa pumba. Vénérande aliingia kwenye tope na viatu vyake vya kanisani, akafunga mafundo mawili, akakaza. Hakumwambia waende nyumbani. Alitazama ng'ambo ya mfereji, akawatemea mate, akarudi kwenye tuta.

"Haiwezekani," Damiano akamwambia mwenyekiti. "Kupandikiza ni mikono miwili. Mkono mmoja unashika, mmoja unachomeka. Hata mtoto anajua."

Mzee Fabiani alikuna kidevu. Alisema sheria inataka mwenye shamba aingie kwa miguu yake na apande kwa mkono wake, na haikutaja ni mikono mingapi. Shamba likipandwa lote kabla ya mvua za mwisho ni la Gaudensia, lisipoisha, wataangalia. Akahesabu majaruba kwa macho, akamtazama Gaudensia kwa huruma kidogo, akaenda zake kunywa togwa.

Hivyo ndivyo shamba la Kassiani lilivyopandikizwa msimu ule, likaisha kabla ya mvua za mwisho, na hivyo ndivyo linavyopandikizwa mpaka sasa. Wageni kutoka Dar es Salaam huja kuwapiga picha nyati, na kuna kibao barabarani. Huwa wanamwomba Gaudensia asogee kidogo asiingie kwenye picha, na yeye huwa hasogei. Wale wanaume wa pikipiki nao huja. Danford huwasalimia, maana wameshazoeana, na mwezi wa mahindi huyachoma, wakayala pamoja kwenye tuta, yeye na bunduki yake, wao na kiroba chao. Hakuna aliyewauliza jina.

Gaudensia huinama, mkono wa kushoto ukiwa juu ya mgongo wa nyati, wa kulia ukichomoa mche kiunoni na kuuchomeka. Kiuno kinauma, na bega la kushoto limekuwa gumu, lakini mistari yake siku hizi imenyooka, hata wanawake wa jirani wanasema. Akimaliza mstari hamwachii. Humpapasa shingoni mpaka ageuke, wakageuka wote wawili polepole kwenye tope, wakaanza mwingine.